Mgeni Kuku Mweupe: Msafiri Mweusi, Lugha Yake na Mji wa Berlin

Mbele ya nyumba namba 193 ya mtaa wa Brunnenstraße, katikati ya Berlin, kuna jiwe dogo lenye uso wa shaba, lililopachikwa kwenye njia ya waenda kwa miguu mwaka 2007. Ni ukumbusho wa Mohamed Husen, aliyezaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 na kufia katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, kaskazini mwa mji huo, tarehe 24 Novemba 1944. Mpita njia asiyeinamisha kichwa halioni. Anayeinama na kusoma, ikiwa ni mtu wa Kiswahili, ana sababu ya kusimama hapo muda mrefu kuliko wengine. Husen alikuwa mwalimu wa Kiswahili. Aliwafundisha Wajerumani lugha yake mjini humo humo, hadi mwaka ule ule aliokamatwa.

Swali ambalo msafiri mweusi huuliza kabla ya kukata tikiti ya kwenda mji wowote wa Ulaya ni fupi: kuko salama? Mara nyingi hufuatwa na la pili, linaloulizwa kwa sauti ya chini zaidi: watu wa huko wanakaribisha? Maswali haya huulizwa Muscat, London na Minneapolis, sebuleni na kwenye simu, na hujibiwa kwa ushuhuda. Mmoja husema alikaa wiki mbili na hakupatwa na lolote. Mwingine husema katika siku tatu alisimamishwa na polisi mara mbili. Wote wawili husema kweli, na msikilizaji hubaki pale pale alipokuwa.

Hoja ya makala haya ni kwamba maandishi na kumbukumbu za Waswahili waliowahi kuishi Berlin zinalijibu swali hili vizuri kuliko ushuhuda wa wiki mbili, kwa kuwa zinalipanga upya. Zinaonyesha kwamba usalama, ukaribisho na haki ya kukaa ni mambo matatu tofauti, na kwamba mji unaweza kumpa mtu moja ukamnyima mawili. Zinaonyesha pia jambo linalowahusu Waswahili peke yao: Berlin iliikaribisha lugha ya Kiswahili mapema na kwa heshima, huku wenye lugha wakiachwa barazani.

Methali na siku ya tatu

Waswahili husema mgeni ni kuku mweupe. Methali hii haimtukani mgeni wala haimsifu. Inaeleza hali ya jicho la mwenyeji: kati ya kuku wote wa uani, mmoja huonekana tangu mbali, na kila anachodonoa huhesabiwa. Mgeni hana pa kujificha, hata asipokuwa na la kuficha. Atajulikana kwa mwendo, kwa nguo, kwa namna anavyotamka salamu. Kwamba methali imechagua rangi kuwa mfano wake ni jambo la kutafakari kwa kila mtu mweusi aliyewahi kuingia kwenye treni ya Ulaya na kuona macho yakiinuka.

Lakini methali haikuachwa peke yake. Iko nyingine inayoiwekea mpaka: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa kawaida husomwa kama onyo kwa mgeni asiwe mzigo. Usomaji huo ni sahihi, ila umesahau upande wa pili. Jembe ni chombo cha mwenyeji. Anayepewa jembe huonyeshwa na pa kulima, na anayelima ana fungu katika mavuno. Kwa hiyo ugeni, katika fikra za Kiswahili, una mwisho unaojulikana. Siku ya tatu kuku mweupe huanza kuzoeleka, na siku za mbele hakuna anayemhesabia punje.

Malalamiko makubwa ya maandishi ya watu weusi wa Ujerumani yanahusu ugeni usio na siku ya tatu. Mwaka 1986 ilitoka Berlin Magharibi Farbe bekennen, iliyohaririwa na Katharina Oguntoye, May Ayim na Dagmar Schultz, ambamo wanawake weusi wa Ujerumani walieleza historia na maisha yao. Kitabu hicho kilichochewa na Audre Lorde, mshairi Mmarekani mweusi aliyefika mjini humo mwaka 1984 kufundisha katika Chuo Kikuu Huria. Ayim alizaliwa Hamburg mwaka 1960, mama Mjerumani na baba Mghana. Kijerumani ndiyo lugha aliyoanzia kusema na ndiyo lugha aliyoandikia mashairi. Hata hivyo mtu kama yeye huulizwa anatoka wapi na atarudi lini. Maswali haya mawili yakiulizwa kwa upole kabisa, na aghalabu ndivyo yanavyoulizwa, bado yanabeba hukumu: siku ya tatu haijafika, wala haitafika. Msafiri wa wiki mbili huyasikia kama mazungumzo ya kawaida, kwa kuwa kweli anatoka kwingine na kweli atarudi. Aliyezaliwa hapo huyasikia kama mlango unaofungwa. Mji ni uleule na maneno ni yaleyale, ila wanaoambiwa hawako mahali pamoja.

Jembe la Mtoro

Seminari ya Lugha za Mashariki ilifunguliwa Berlin mwaka 1887, miaka michache tu baada ya Carl Peters kuzunguka bara la Tanganyika akikusanya mikataba. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari kwa lugha watakazohitaji makoloni. Kiswahili kilipata nafasi ya mbele, na ili kifundishwe sawasawa walihitajika wenye lugha. Amur bin Nasur wa Unguja alikuwako katika miaka ya 1890, na mwaka 1900 akafika Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, mtu aliyesoma elimu ya dini na kuijua pwani yake kwa ndani.

Mwaka 1903 kilichapishwa Desturi za Wasuaheli. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni kalamu ya Mtoro. Jina lililokipa kitabu umaarufu ni la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya na kuhariri. Ilikuwa hadi mwaka 1981, katika tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, ndipo jina la Mtoro lilipowekwa kwenye anwani ya kazi yake. Miaka 78 ilipita. Msomaji wa leo, anayekipokea kitabu hicho kama hazina ya maelezo kuhusu ndoa, ngoma, malezi, utumwa na adabu za pwani, hana budi kukumbuka kwamba aliyeandika alikuwa amekaa Berlin, mbali na kila alichokieleza, akimsaidia mgeni mwingine kujiandaa kwenda kutawala kwao. Hilo ndilo jembe alilopewa. Alilima, na mavuno yakaenda ghala jingine.

Mwaka 1904 Mtoro alimwoa Bertha Hilske, mwanamke wa Kijerumani. Ndoa ilifungwa kisheria, na katika mji wa Berlin haikuwa kosa. Mwaka uliofuata wawili hao walipanda meli kwenda Afrika Mashariki. Serikali ya koloni, chini ya Gavana Götzen, ikamkatalia mume mweusi kushuka na mke wake mweupe. Wakageuzwa. Mtoro akarudi Ujerumani, baadaye akafundisha Hamburg, akaishi kwa mihadhara, na mwaka 1927 akafia Berlin.

Tukio hili linavunja ramani ambayo msafiri hubeba kichwani. Ramani hiyo husema: nyumbani kuna usalama, ugenini kuna hatari, na kazi ya msafiri ni kupima kiasi cha hatari hiyo. Katika maisha ya Mtoro, mlango uliofungwa ulikuwa wa pwani ya kwao. Berlin ilimruhusu kuoa. Bandari ya nchi aliyozaliwa haikumruhusu kuteremka na aliyemwoa. Mtu aliyewaeleza Wajerumani kwa utaratibu jinsi Mswahili anavyoposa na kuoa hakuweza kumfikisha bibi harusi kwa ndugu zake. Sababu ni rahisi kueleza. Berlin, ndoa moja ya mtu mweusi ilikuwa jambo la ajabu tu. Katika koloni ilitikisa ngazi nzima iliyomweka mtawala juu na mtawaliwa chini. Hatari inayomkabili msafiri mweusi, basi, haitokani na tabia za wenyeji wa mtaa peke yake. Inatokana na mahali alipowekwa katika mpangilio wa nchi na nchi, na mpangilio huo humngojea hata kwenye bandari ya kwao.

Mwisho wa Afterlives

Mohamed Husen alikwenda Berlin mwaka 1929. Baba yake alikuwa askari wa jeshi la Wajerumani, na yeye mwenyewe alitumika katika Vita Kuu ya Kwanza akiwa bado mtoto. Alikwenda kudai malimbikizo ya mshahara wake na wa baba yake. Akajibiwa kwamba muda wa kudai umepita. Akabaki. Alikuwa mhudumu katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe pale Potsdamer Platz, akaigiza katika filamu, akasaidia kufundisha Kiswahili. Mwaka 1933 alioa mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1934 aliomba nishani ya waliopigana vitani, akanyimwa. Mwaka 1941 ilitoka filamu ya Carl Peters, ambamo Husen aliigiza Mwafrika anayemtumikia yule aliyeivamia nchi ya wazazi wake. Mwaka huo huo akakamatwa kwa uhusiano na mwanamke Mjerumani, kosa lililoitwa kuichafua mbari, akapelekwa Sachsenhausen.

Msomaji wa Abdulrazak Gurnah ataitambua njia hii. Katika Afterlives, riwaya iliyotoka mwaka 2020, Ilyas ni kijana wa pwani anayewapenda Wajerumani kwa sababu walimlea na kumsomesha. Anajiunga na jeshi lao, na riwaya inampoteza. Dada yake Afiya anamngoja maisha yake yote. Miongo mingi baadaye mwana wa Afiya, aliyepewa jina la mjomba wake, anapelekwa Ujerumani Magharibi kwa masomo ya utangazaji, na huko ndiko anakofuatilia nyaraka hadi anapojua yaliyotokea: mjomba aliishi Ujerumani, aliimba, aliandamana na waliotaka makoloni yarudishwe, alikamatwa kwa sababu ya mwanamke Mjerumani na kufia Sachsenhausen, na mwanawe mmoja alimfuata kambini, naye akafa.

Msomaji anaweza kulalamika kwamba mwisho huu umeharakishwa. Riwaya iliyotumia kurasa nyingi kwa Hamza kujifunza useremala na kupona jeraha inayamaliza maisha ya Ilyas ya Ulaya kwa kurasa chache, kwa lugha ya taarifa, bila mandhari ya Berlin na bila sauti yake mwenyewe. Lalamiko hili lina haki, na mwandishi hodari kama Gurnah asingelikosa kuliona. Jibu liko katika umbo lenyewe. Upande wa pwani, watu wa riwaya hii wanajuana kwa chakula, kwa ugonjwa, kwa aibu ndogo ndogo za nyumba moja. Upande wa Ulaya, Ilyas hana wa kumjua. Alichobakiza ni maombi ya nishani, picha ya maandamano na rekodi ya kambi. Mji uliomwona kila siku kama kuku mweupe haukuacha hata ukurasa mmoja unaoeleza alikuwa mtu wa namna gani. Ufupi wa mwisho wa riwaya ni kipimo cha jinsi mji ulivyomtunza: katika faili. Kama Gurnah angetubunia Berlin yenye harufu, baridi na mazungumzo, angemfariji msomaji kwa kitu ambacho kumbukumbu hazina.

Kuna jambo la pili, gumu zaidi. Ilyas hakuwa msafiri mwenye hofu. Aliwaamini wenyeji. Alidhani mapenzi yake kwa Ujerumani ni kama viza ya kudumu, naye Husen, kwa nishani aliyoiomba, alidhani utumishi ni deni litakalolipwa. Wote wawili walikuwa na ushuhuda mzuri wa miaka mingi. Kama angeulizwa Ilyas wakati fulani katikati ya safari yake iwapo Wajerumani wanakaribisha, angejibu ndiyo bila kusita, na angetoa mifano. Hapa ndipo riwaya inapoujibu ushuhuda wa wiki mbili. Kujihisi salama ni habari ya kweli kuhusu anayehisi. Si lazima iwe habari ya kweli kuhusu mji.

Ramani na idadi

Haifuati kwamba hisia za wasafiri ni za kupuuza. Mwaka 1936 Victor Hugo Green, tarishi wa Harlem, alianza kuchapisha mwongozo uliowaonyesha madereva weusi wa Marekani mahali pa kulala, kula na kutengeneza gari bila kufukuzwa. Ulikuwa ni ushuhuda uliokusanywa, ukapangwa, ukafanywa chombo. Tofauti yake na maongezi ya sebuleni ni kwamba haukuuliza watu wanajisikiaje. Uliuliza mlango gani unafunguka.

Berlin nayo imewahi kubishana juu ya ramani ya namna hii. Mei 2006, wiki chache kabla ya Kombe la Dunia, Uwe-Karsten Heye, aliyewahi kuwa msemaji wa serikali ya Ujerumani, alisema hadharani kwamba kuna miji midogo na ya kati katika jimbo la Brandenburg, linaloizunguka Berlin, ambako asingemshauri mtu mwenye rangi nyingine kwenda. Baraza la Afrika la Berlin lilikuwa likizungumzia kuwatolea wageni maonyo kuhusu maeneo ya kuepuka. Wanasiasa wengi walikasirika, na hasira yao ilimwelekea zaidi aliyesema kuliko kilichosemwa. Lakini aliyekuwa na kumbukumbu hakuhitaji kuambiwa. Mwaka 1990, katika mji wa Eberswalde wa jimbo hilo, kundi la vijana wafuasi wa siasa za chuki lilimpiga Amadeu Antonio, kibarua kutoka Angola, na akafariki kwa majeraha hayo.

Ramani kama hizo zina faida na zina kasoro. Faida yake ni uhai wa mtu. Kasoro yake ni kwamba humwachia msafiri mzigo wa kujilinda, na mahali palipopakwa rangi nyekundu hupachukuliwa kama ajali ya maumbile, mfano wa kinamasi. Swali la nani amepaacha pawe hivyo halichorwi.

Idadi zina la kusema pia. Shirika la Haki za Msingi la Umoja wa Ulaya lilitoa mwaka 2023 matokeo ya utafiti wake kuhusu watu weusi katika nchi 13. Kwa jumla asilimia 45 walisema wamebaguliwa kwa rangi katika miaka mitano iliyotangulia, kutoka asilimia 39 katika utafiti uliochapishwa awali. Ujerumani na Austria ndizo zilizokuwa juu, zote zikipita asilimia 70. Waliohojiwa ni wakazi, si watalii. Ndiyo maana mtalii anaweza kuondoka Berlin akiwa na picha nzuri, na mwenyeji wake mweusi aliyemkaribisha chakula cha jioni akabaki na hadithi nyingine. Ubaguzi mwingi unaohesabiwa hapo hutokea pale mtu anapotafuta nyumba au kazi, yaani pale anapoomba jembe. Mtalii haombi jembe. Analipa na kuondoka.

Upande wa polisi, mtalii na mkazi hukutana. Tarehe 29 Oktoba 2012, mahakama kuu ya utawala ya jimbo la Rheinland-Pfalz, iliyoko Koblenz, iliweka wazi kwamba kumtaka mtu vitambulisho ndani ya treni kwa sababu ya rangi ya ngozi yake ni kinyume cha katiba. Mwaka 2020 Berlin ikawa jimbo la kwanza la Ujerumani kutunga sheria yake ya kuzuia ubaguzi unaofanywa na vyombo vya umma, polisi wakiwemo. Sheria hizi hazimzuii askari kumtazama kuku mweupe. Zinamlazimu aeleze kwa nini amemsimamisha yeye. Hiyo ni hatua ya kutoka kwenye hisia kwenda kwenye haki, na msafiri anayejua kwamba ipo husimama tofauti na asiyejua.

Majina ya mitaa

Berlin ya leo inajiandika upya. Katika mtaa wa Neukölln kulikuwa na barabara ya Wissmann, jina la yule aliyeongoza kuvunjwa kwa upinzani wa pwani. Bushiri alinyongwa Pangani mwaka 1889 katika vita ambavyo wasomaji wa Kiswahili wanavijua kupitia Utenzi wa Vita vya Wadachi wa Hemedi bin Abdallah. Tangu 2021 barabara hiyo inaitwa Lucy Lameck, kwa heshima ya mwanasiasa wa Tanzania. Katika eneo la Wedding, barabara iliyopewa jina la Peters wakati wa Wanazi iligawanywa mwaka 2024, na sehemu moja ikaitwa Maji Maji. Agosti 2025 mtaa wa katikati ya mji uliokuwa na neno la kale la kuwatajia watu weusi ulipewa jina la Anton Wilhelm Amo, mwanafalsafa aliyezaliwa katika nchi ya leo ya Ghana na kufundisha Halle na Jena katika karne ya 18. Kila badiliko lilichukua miaka ya mabishano, na mengine yalifikishwa mahakamani.

Mwenye shaka atasema kwamba jina halimkingi mtu na jiwe la mhuni. Ni kweli. Lakini hoja hiyo inasahau majina ya awali yaliwekwa kwa nini. Hakuna anayetundika jina la mshindi ukutani bila kutaka lisomwe. Mswahili aliyepita katika barabara ya Wissmann alikuwa akiambiwa jambo, ajue au asijue. Sasa anaambiwa jingine. Kinachopaswa kuhofiwa ni kwamba mji unaweza kurudia tabia yake ya zamani kwa sura mpya: kuyakaribisha majina, kama ulivyoikaribisha lugha, na kuwaacha wenye majina wakingoja miadi ya viza.

Hofu hiyo si ya kinadharia. Neno "msafiri mweusi" huwaweka pamoja watu ambao mpaka hauwaweki pamoja. Mmarekani mweusi huingia eneo la Schengen kwa siku 90 bila viza. Mtanzania au Mkenya hupeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri na uthibitisho kwamba atarudi, analipa ada iliyopandishwa hadi yuro 90 mwaka 2024, na akinyimwa hairudishwi. Barabarani Berlin wawili hao watatazamwa kwa jicho moja. Lakini mmoja wao alikwisha kutazamwa Dar es Salaam au Nairobi kabla hajafunga sanduku, pale pale ambapo Mtoro alikataliwa kushuka. Insha nyingi nzuri za safari za Waafrika wa Marekani hazina ukurasa huu, na si kosa lao. Kuuandika ni kazi ya wale ambao pasipoti zao zinawafundisha.

Kioo

Tahakiki inayodai haki kwa Waswahili haina budi kuwatazama na Waswahili wenyewe. Katika Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa Velten wa mwaka 1901 ambao Mtoro naye amechangia, wasafiri wa pwani wanaoingia bara wanawaita wenyeji wao washenzi bila kusita. Wanapokea ugali na maziwa yao, kisha wanaandika kuhusu uchi wao. Neno hilo lilikuwa likifanya kazi ile ile ambayo maneno ya mitaa ya Berlin yalifanya: kumweka mtu nje ya ubinadamu unaohesabika, kwa utulivu, bila hasira yoyote. Na hata leo, katika miji ya pwani na ya Ghuba, wapo wanaoulizwa asili yao katika nchi waliyozaliwa, kwa Kiswahili safi.

Kukumbuka hayo hakupunguzi deni la Berlin hata kidogo. Kunaonyesha tu kwamba methali ya kuku mweupe ilikuwa ya kweli kwetu pia, na kwamba siku ya tatu haikuja yenyewe hata huku. Ilikuja palipokuwa na mtu aliyetoa jembe na kugawa shamba.

Kwa hiyo anayeuliza kama Berlin ni salama kwa mtu mweusi anastahili jibu refu kuliko ndiyo au siyo. Katikati ya mji, mchana, kwa mtalii, aghalabu ndiyo. Kwa anayetafuta nyumba, aulize waliokwisha kuitafuta. Kwa anayesimamishwa na polisi, iko sheria ya 2020, na ajue kuitaja. Kwa anayetaka kujua kama anakaribishwa, yako maktaba, na ndani yake jina la Mtoro ambalo lilichukua miaka 78 kufika kwenye anwani ya kitabu chake. Na kama ana nusu saa, ipo Brunnenstraße. Jiwe ni dogo, na husomeka kwa shida kukiwa na mvua. Watu wa mtaa huo hupita juu yake wakienda kazini. Mwalimu wa Kiswahili aliishi katika nyumba hiyo.